Shanice Hanywi Maji

Kufikia katikati ya muhula wa kwanza, Teresia alikuwa fundi wa kukausha sketi ya shule kwa jioni moja. Aliikunja ndani ya taulo, akaikanyaga kwa visigino mpaka taulo likanywa maji yote, kisha akaitandaza juu ya kifuniko cha sufuria ya maharagwe iliyokuwa bado motoni. Alifanya hivyo mlango ukiwa umefungwa, maana nyumba za kupanga za Voi zina macho, na hakutaka jirani aulize kwa nini sketi ya mtoto inafuliwa kila siku ya Mungu.

Sketi ilikuwa ya mjukuu wake, Shanice, mtoto wa miaka minne na nusu. Ilikuwa ya buluu iliyokoza, na sweta yake vilevile, na kifuani palishonwa mlima mweupe wenye bendera juu. Shule yenyewe iliitwa Kilele Akademi. Huko watoto wa chekechea waliingia saa moja na nusu asubuhi, wakaketi kwenye madawati yao mpaka saa tisa, na walisifika mji mzima kwa kusoma Kiingereza kabla hawajang'oa jino la kwanza. Choo nacho kilikuwa na saa yake. Kengele ikilia, watoto wanapanga mstari wanakwenda. Isipolia, wanangoja.

Shanice alijikojolea wiki ya kwanza. Wiki ya pili pia. Hakupigwa; hilo Teresia alilisema kwa haki kila alipolifikiria. Aliwekwa tu kwenye kiti chake peke yake, mbele ya darasa, mpaka akauke. Wiki ya nne mtoto akapata dawa yake mwenyewe: akaacha kunywa maji.

"Kunywa hata kidogo, mama," Teresia alimbembeleza asubuhi, kikombe mkononi.

"Sitaki, Susu. Nitakojoa."

Alimwambia hayo bibi yake, Susu kwa Kikamba chao, bila kulia wala kudeka, kama mtu mzima aliyekwisha kupiga hesabu zake. Chupa aliyokwenda nayo shule ilirudi jioni imejaa vilevile, joto limeipasha mpaka ungeweza kutia majani ya chai. Midomo yake ilipasuka. Mkojo wa asubuhi ukawa mwekundu kama chai ya rangi. Mwezi wa tatu ulipoanza akashikwa na homa, mara ya kwanza, kisha mara ya pili, na zahanati ikawa njia yao.

Daktari wa pale alikuwa kijana, Obadiah, na alikuwa na tabia nzuri ya kupasha mikono yake kwa kuisugua kabla ya kumgusa mtoto. Alimpapasa Shanice mgongo, akamtazama ulimi, akashusha pumzi.

"Susu, dawa nitampa. Lakini dawa si maji. Mtoto wa Voi asipokunywa maji kwa jua hili, figo zitakataa kazi, na figo zikikataa hatuna la kuzifanya hapa. Ni nini kinachomzuia?"

Teresia alitazama sakafu.

"Ni ukaidi tu wa utoto," akasema.

Uongo ule alirudi nao nyumbani kama kokoto kwenye kiatu. Lakini angesema nini? Shule ile aliichagua yeye.

Mwanawe Festus Ngui, baba yake Shanice, alikuwa fundi wa umeme katika hoteli moja ndani ya mbuga ya Tsavo. Alikuja nyumbani siku sita kwa mwezi, mwezi mwingine siku nne. Mama wa mtoto alikwenda kwao Mata, Shanice akiwa hajaachishwa ziwa vizuri, akaolewa huko. Hakuwa mtu mbaya, alituma ndizi kila alipopata wa kumtumia. Basi malezi yakabaki mikononi mwa Teresia, na Januari ilipokaribia, Festus alikuwa amemwambia mama yake, mwaitu kwa Kikamba chao, neno moja tu: "Si aende hii ya serikali hapa karibu, mwaitu, acheze na wenzake."

Teresia aliwaka. "Acheze? Mimi nilicheza mpaka nikachezea maisha yangu. Mchezo haulishi mtu, Ngui."

Alikuwa ametolewa darasa la tatu akalishe mbuzi. Biblia aliisoma kwa kidole, polepole, na kila alipojaza fomu mahali, karani alimsogezea kidau cha wino atie dole gumba kabla hata hajamuuliza kama anajua kuandika. Hakutaka karani yeyote amsogezee Shanice kidau. Mwezi mzima wa Desemba alimkalisha mtoto mezani akamfundisha kushika penseli, na siku ya mahojiano pale Kilele, Shanice aliipokea penseli kwa mikono miwili, akaishika barabara, akapita. Teresia alilia barabarani kwa furaha. Sasa alikuwa analia jikoni, akiwa amekanyaga taulo.

Kwenye simu na Festus hakulia.

"Hujambo mwaitu. Mtoto?"

"Mtoto mzima. Jana ameandika mpaka ishirini."

"Ishirini! Huyo atakuwa daktari akutibu hayo magoti."

"Magoti yangu hayatamngoja, baba."

Festus alicheka, na Teresia akacheka. Zahanati hakuitaja. Festus alipokuja likizo, sketi ilikuwa kavu, mtoto alikuwa nyumbani kwa wikendi na kunywa maji kidogo, na dayari ya shule, ile ambayo mwalimu aliandika kwa wino mwekundu na mzazi akatia sahihi kila jioni, ilikuwa chini ya godoro.

Alijaribu kwanza kwa upole. Alikwenda Kilele, akaomba kuonana na mwalimu wa darasa, msichana aliyeitwa Everlyne. Akamweleza. Everlyne alimsikiliza akiwa amesimama, akitazama dirisha la darasa.

"Nyanya, nina watoto arobaini na mmoja. Nikimfungulia mlango mmoja, wote arobaini watakuwa na haja. Na mtaala unanikimbiza, na mkuu naye ananikimbiza." Kisha akafungua droo ya meza yake, akamwonyesha chupi ndogo tatu zilizokunjwa vizuri. "Hizi nimemnunulia mimi. Asikae ameloa."

Teresia alimshika mkono akamshukuru. Aliondoka pale akijua kwamba mwalimu ni mwema, na kwamba wema wake haufiki kwenye kengele.

Akajaribu na Festus. Alizunguka mbali, kama mtu anayemkamata kuku.

"Nasikia kuna shule zingine siku hizi watoto wanacheza tu, na wanajua."

"Mwaitu, si wewe uliniambia mchezo haulishi mtu?"

"Nilisema."

"Basi tusimyumbishe mtoto. Si umesema anaendelea vizuri?"

"Anaendelea," Teresia akasema.

Habari za shule hizo zingine alizipata kwa Muinde, mwenye bodaboda aliyewabeba kwenda zahanati, ambaye kila mara alizima pikipiki kwanza ndipo mtoto ashuke.

"Wangu yuko kwa Mwalimu Kaveke, kule chini ya mlima Sagalla," Muinde alisema. "Anarudi mchafu mpaka mama yake anauliza huyu ni wa nani."

"Wanasoma nini huko?"

"Wanacheza."

"Na baada ya kucheza?"

"Wanacheza tena, Susu!" Akacheka kwa sauti. "Lakini jana kaniambia, baba, bodaboda ina magurudumu mawili na tuktuk matatu, yote matano. Nani kamfundisha? Mimi sijui. Nauliza naambiwa tulikuwa tunacheza gereji."

Teresia hakucheka. Aliyaweka moyoni.

Jumanne moja asubuhi Shanice aliamka mwenyewe, akakaa kitandani, akauliza, "Leo ni shule?" Alipojibiwa ndiyo, akaanza kulia. Mdomo ulipinda, mabega yakatetemeka, sauti ikatoka, na machozi hayakutoka. Teresia alimpitishia kidole chini ya jicho moja, kisha la pili. Kulikuwa kukavu. Alikuwa ameona ndama wa wakati wa ukame wakilia hivyo, na aliyajua yaliyofuata.

Hapo hapo akaamua. Hakumwuliza mtu. Simu aliiacha mezani makusudi, ili asije akaulizwa na yeye akajibu.

Alimvisha Shanice sare ya Kilele, sketi na sweta na tai ndogo ya mpira, maana nyumba zina macho na kila mtu angetarajia kumwona nayo. Na zaidi ya hayo, kulikuwa na ile desturi aliyolelewa nayo: mtoto wa watu hapelekwi ugenini kama aliyeokotwa. Alimpaka mafuta ya kunukia usoni, shingoni, mikononi, mpaka akang'aa. Alimpaka na miguu. Wakatoka, wakajibanza nyuma ya kibanda cha mama wa viazi mpaka gari la Kilele likapiga honi mara tatu, likangoja, likaondoka.

"Susu, gari limetuacha," Shanice alinong'ona.

"Limetuacha, mama."

"Tutachapwa?"

"Nani atanichapa mimi na uzee huu?"

Mtoto alimtazama muda mrefu kuona kama ni mzaha.

Muinde aliwafikisha kwa Mwalimu Kaveke, palipokuwa na kanisa dogo la mabati, mti mmoja wa mwarobaini, na uwanja wa mchanga mwekundu. Mwisho wa uwanja ulipandwa mkonge mstari mmoja, na ng'ambo ya mkonge kulikuwa na shamba la jirani la pojo na mtama. Shamba lile lilizungukwa na mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye nguzo, mmoja baada ya mwingine, ikiunganishwa kwa waya. Ndivyo walivyofanya watu wa upande huo kwa ajili ya ndovu: ndovu akisukuma waya, mizinga yote inayumba, nyuki wanatoka, naye anarudi alikotoka. Teresia aliiona mizinga kwa mbali na moyo wake ukapoa, kama mtu aliyekutana ugenini na watu wa kwao. Baba yake alikuwa mrina asali, na harufu ya moshi na nta ndiyo aliyokulia.

Mwalimu Kaveke alikuwa mwanamke wa makamo, miguu mitupu, leso kiunoni. Hakuuliza kwa nini mtoto ana sare ya shule nyingine. Alichuchumaa akawa kimo cha Shanice.

"Karibu. Mmetukuta tumeshamaliza matembezi. Kila asubuhi tunazunguka uwanja wote, tunaonyeshana mahali pa kufika na mahali pa kutofika. Wewe nitakutembeza saa ya uji. Sawa? Choo ni pale, mlango wa kijani. Ukisikia haja, unakwenda."

"Kengele ikilia?" Shanice aliuliza.

"Kengele ya nini? Ni tumbo lako, ndilo litakalokuambia."

Watoto kumi na tisa walikuwa wanajenga reli. Walikuwa wamepanga vijiti mchangani kutoka mwarobaini hadi mlango wa kanisa, na juu yake wakavuta makopo yaliyofungwa kamba. Msichana mwenye pengo mbele alikuwa ndiye mkubwa wa stesheni.

"Abiria wa Mtito Andei, shukeni! Nimesema shukeni, nyinyi ni viziwi?" Akamwona Shanice. "Wewe umevaa tai kama karani. Tiketi yako iko wapi?"

Shanice alisimama wima, mikono nyuma, kama alivyofundishwa.

"Hana tiketi!" wengine wakapiga kelele. "Ashuke! Ashuke!"

"Hajapanda, atashukaje?" msichana mwenye pengo akawakaripia. Akachuma jani la mwarobaini, akalichana katikati, akampa Shanice nusu. "Shika. Daraja la kwanza. Usilipoteze, mimi si mama yako."

Karibu saa nzima Shanice alisimama na lile jani. Teresia, aliyeketi kwenye ngazi ya kanisa, alimtazama bila kumwita. Alijua mtoto hasukumwi. Mwalimu Kaveke alipita na jagi na vikombe, akaweka kimoja karibu na Shanice juu ya jiwe, akapita zake, hakusema kunywa. Shanice alikitazama kikombe. Alitazama mlango wa kijani. Aliona mtoto mwingine anakimbia kwenda kule ameshika kaptula, anatoka, anarudi mchezoni, na dunia haikusimama. Akaketi kwenye jiwe, akachukua kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini. Akakinyoosha kuomba kingine.

Teresia aliinama akajifanya anafunga kiatu.

Alipoinua uso, Shanice alikuwa treni. Mkubwa wa stesheni alikuwa amempa kazi ya kuwa treni ya mizigo, na treni ya mizigo haiendi na abiria, ina njia yake. Akaitafuta njia yake. Akapita mkonge, akaufikia waya, akaweka kidole juu yake, kama alivyokuwa akifuata kwa kidole zile nukta za herufi kwenye kitabu cha Kilele, na akaanza kukimbia kando yake. "Puuuu!" alipiga honi. Tai ilikuwa mgongoni. Alikuwa anacheka. Tangu Januari Teresia hakuwa amesikia kicheko kile, na kilipomfikia alisimama kwenye ngazi, mkono kifuani, akakipokea chote.

Alikipokea kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, labda mpaka sita. Baadaye aliziona sekunde hizo kuwa nyingi mno. Binti wa mrina asali, aliyejua tangu hajaota meno kwamba mzinga hauendewi na nguo nyeusi, wala kwa mafuta ya kunukia, wala kwa mbio, alisimama akatazama mkono wa mjukuu wake ukipita juu ya waya, na mizinga ikianza kuyumba mmoja baada ya mwingine, na akaona kicheko tu.

Mwalimu Kaveke ndiye aliyepiga ukelele. "Nyuki! Wote kanisani!" Watoto kumi na tisa walikimbia kanisani bila kusukumana, maana walikuwa wamefundishwa, nayo milango ikafungwa. Mwenyewe alikwenda upande mwingine. Alimfikia Shanice kabla ya Teresia, akamfunika na leso, akamlalia juu, kisha akamwinua na kukimbia naye, nyuki wakiwa wameshika nywele zake, shingo yake, masikio yake. Waliifuata ile sweta ya buluu iliyokoza hata ndani ya leso.

Muinde hakuwa amekwenda mbali. Alivua koti lake akalifunga kichwani kwa mtoto, akawapakia, akaendesha mbio kwenda hospitali. Teresia, nyuma, alikuwa akikwangua miiba kwa ukucha, ukucha ukilala, hivyo alivyofundishwa na baba yake, asiibane sumu ikaingia. Mikono yake ilikumbuka kila kitu sasa.

Hospitalini nesi alihesabu miiba thelathini na mmoja. Uso wa Shanice ulivimba mpaka macho yakapotea. Alichomwa sindano, akatundikiwa maji, na kwa muda fulani pumzi zake zilipiga mluzi, nesi akaita daktari, Teresia akatolewa nje. Alikaa sakafuni kwenye ukumbi. Hakuweza kuomba. Kila alipoanza "Baba yetu," aliona mkono juu ya waya.

"Mlimpaka nini huyu?" nesi alimwuliza baadaye, akimfuta mtoto kwa pamba. "Ananukia sana."

"Nilitaka apendeze," Teresia akasema.

Nesi alimwangalia. Akaleta kiti.

Festus alifika jioni kwa gari la hoteli, baada ya Muinde kumkuta nyumbani na kumpa habari za nyuki, buti zina vumbi, bisibisi bado mfukoni. Alisimama juu ya kitanda. Shanice alikuwa amelala, pumzi zimetulia. Daktari alikuwa amesema atapona, lakini alazwe siku mbili, na kwamba damu ilionyesha figo zimechoka kabla hata ya nyuki. Hilo la mwisho Festus hakulielewa.

"Shule walinipigia saa tatu," alisema bila kugeuka. "Wananiuliza mtoto ni mgonjwa? Nikakupigia mara kumi na nne. Unajua niliwaza nini, mwaitu? Niliwaza mtoto wangu ameibwa. Nimekuja njia nzima nikitafuta picha yake kwenye simu ya kuwapa polisi."

"Nisamehe."

"Kumbe umemtoa darasani mwenyewe ukampeleka kwa nyuki."

"Ngui..."

"Akitoka hapa, Jumatatu anarudi Kilele. Na wewe utapumzika. Nitatafuta msichana wa kazi. Umechoka, mwaitu. Si kosa lako, umezeeka tu."

Yale maneno ya mwisho aliyasema kwa upole, na upole wake ndio uliomwangusha. Teresia alipiga magoti. Mwanamke wa Kikamba hapigii mwanawe magoti. Festus alirudi nyuma kama aliyeungua.

"Mwaitu, inuka. Watu wanaona."

"Waone. Nimekudanganya. Tangu mwezi wa pili nimekudanganya." Na akamweleza: sketi, taulo, kiti cha mbele, homa mbili, machozi yasiyotoka. "Hanywi maji, Ngui. Mtoto wako hanywi maji ili asikojoe. Na mimi nikakwambia ameandika ishirini. Ni kweli ameandika. Iko dayari chini ya godoro, kila ukurasa nimetia sahihi mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu niliona fahari kutia sahihi."

Festus alikaa kwenye kiti cha nesi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Ni mimi niliyeikataa ile ya karibu. Niliogopa utasema, huyu mama hakusoma, anajua nini."

"Mimi nikwambie hivyo? Mimi?"

Akamshika mkono, akamwinua kutoka sakafuni.

Mwalimu Kaveke aliingia wakati wa kuona wagonjwa ukikaribia kwisha. Festus hakumjua, na hata anayemjua asingemjua: jicho moja limefunga, mdomo umekwenda upande. Alikuwa amebeba chupa ya uji.

"Mimi ndiye mwalimu," alisema. "Nilipaswa kumtembeza kabla hajashika mchezo. Nikasema saa ya uji. Ni kosa langu."

Festus alikuwa amesimama kwa hasira, mkono umeinuka. Aliutazama ule uso, masikio yale, akaushusha.

"Keti, mwalimu," akasema.

"Siketi, nimeacha wazazi kanisani. Kumi na mmoja wamechukua watoto wao jioni hii. Labda kesho wengine." Hakulia, alieleza tu. "Mwenye shamba amekubali kurudisha mizinga nyuma, lakini si kabla ya kuvuna. Ndovu wanapita kila siku huu mwezi. Simlaumu."

Teresia alisikia hesabu hiyo ikimwingia mwilini. Kumi na mmoja. Alikuwa amekwenda kumwokoa mtoto mmoja, na njiani amewabomolea wenzake. Mkubwa wa stesheni mwenye pengo alikuwa miongoni mwao? Hakuthubutu kuuliza.

Siku mbili Festus alikaa hospitalini. Alimnywesha mtoto maji kwa kijiko, na kila baada ya kijiko alimwuliza, "Unataka kwenda choo? Nikubebe?" Usiku wa pili alikwenda nyumbani, akarudi na dayari. Aliisoma yote, kurasa hamsini na kitu, na Teresia aliona kidole chake kikikaa juu ya kila sahihi. Asubuhi alitoka ukumbini na simu. Alipiga Kilele, akasema mtoto harudi, akashukuru, na kwa sababu mama yake alimwomba, akamtaja Mwalimu Everlyne kwa wema wake.

Kisha akarudi akakaa.

"Sasa, mwaitu? Kule amekauka. Kule kwingine nusura afe. Hii ya karibu imejaa, wamesema mpaka mwaka ujao. Na mimi kesho asubuhi gari linanipitia. Niambie. Nimpeleke wapi?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kwa sababu hakujua, na Teresia, aliyengoja maisha yake yote mtu amwulize jambo la shule, alijikuta hana jibu lililo salama.

"Kwa Kaveke," akasema mwishowe. "Lakini hatakaa peke yake. Nitakaa mimi. Mizinga ile naijua. Nitakaa kati ya watoto na waya mpaka shamba livunwe. Mtoto yeyote akipita mkonge atanikuta."

"Kutwa nzima? Na jua lile? Na magoti hayo?"

"Magoti yatakaa pia."

Festus alijifuta uso kwa mikono yote miwili. "Mwezi mmoja," akasema. "Nikirudi likizo nitakuja kuona mwenyewe. Na safari hii nikikuuliza mtoto yukoje, mwaitu, niambie."

Jumatatu Teresia alimvisha Shanice gauni la zamani lililopauka, bila mafuta. Walikwenda kwa Muinde, aliyewashusha na kusema atapitia saa sita aone kama wanahitaji kitu. Watoto walikuwa sita. Waliwatembeza wageni uwanja mzima, na kwenye mkonge Mwalimu Kaveke alisimama akaeleza, jicho lake likiwa limefunguka nusu.

Teresia aliweka kigoda chake upande wa huku wa mkonge, mgongo kwa waya. Aliwasikia nyuki nyuma yake wakifanya kazi zao. Watoto walikwenda kwenye mwarobaini. Shanice hakwenda. Alishika gauni la bibi yake kwa ngumi zote mbili, na kila nyuki mmoja alipopita alijificha uso. Mwalimu Kaveke alimwonyesha kopo lenye kamba. Akakataa. Wenzake walimwita mara moja, mara mbili, wakachoka.

Saa ya uji ilikuja ikapita. Jua lilipanda. Teresia alikaa, na mkono wake ulikuwa juu ya mgongo wa mtoto, akiisikia mifupa midogo, na ndani yake mlikuwa na hofu moja isiyonyamaza: kwamba kile kicheko alichokisikia siku ile ndicho kilikuwa cha mwisho, na yeye ndiye aliyekipa nyuki.

"Susu," Shanice akasema, uso ukiwa ndani ya gauni.

"Mama."

"Hapa, mtu anaweza kukaa tu? Asifanye kitu?"

"Anaweza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka atakapotaka mwenyewe."

Mtoto alifikiri juu ya hilo. Hakuachia gauni. Lakini aligeuza shingo kidogo, jicho moja likatoka nje, na kutoka hapo akaanza kuwatazama wale wengine.